Viti vya Kuazima

Ninyi wajukuu wangu, ninyi mnaopanda Kasapa, kwenye chuo kikuu, na mafaili kwapani, na ninyi mliokwisha kuzaa mnaopeleka watoto shuleni, kaeni mnisome mpaka mwisho. Nkambo yenu, bibi yenu mimi, hakusoma sana. Nilisoma miaka mitatu kwa masista, kisha nikaolewa. Ninaandika jambo nililolifanya kwa akili yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Nakumbuka siku moja, mji huu ungali unaitwa Elisabethville, Agnesi mtoto wangu wa kwanza alirudi akasema mwalimu atakuja kwetu Alhamisi. Shule ile ilikuwa ya Leta, ndiyo kusema Serikali, si ya mapadri. Leta ilikuwa imetuma barua kwa walimu: mwanzo wa mwaka, kila shule ipange kazi yake, ijue kila mtoto anahitaji msaada gani. Nani akae mbele, nani apewe uji saa nne, nani abaki wengine wakitoka, arudilie somo. Kwa hiyo walimu walipita nyumba kwa nyumba na daftari.

Mwanangu, mimi barua ile sikuielewa. Hapana, niseme ukweli: niliielewa, sikuitaka. Siku zile mwanaume aliyetaka kadi ya watu walioendelea, ile Wazungu waliyowapa weusi waliowakubali, alikaguliwa nyumbani. Wazungu walikuja kuangalia kama mnakula mezani, kama kitanda kina mashuka, kama mke anajua kushika uma. Basi sisi wanawake wa cité, mtaa wa watu weusi, tulikuwa na desturi yetu: mkaguzi akija kwako, jirani anakuletea viti, kesho akienda kwa jirani, viti vinarudi huko. Bwana yangu, fundi wa reli, alikuwa anaingoja kadi ile. Nikajiambia, mwalimu naye ni jicho la Leta.

Alhamisi asubuhi jirani yangu Mama Odilia akaleta viti vinne na uma sita.

"Ee, madamu!" akanicheka, maana bukari, ugali wetu, huliwa kwa mkono. "Leo mutakula bukari na uma? Angalia usijichome mudomo!"

"Weka viti, wacha kelele," nikamjibu. Tulicheka sote wawili. Kicheko kile hakinipendezi tena.

Agnesi alikuwa amepata surua, ikamwachia masikio mabovu. Ukimwita kutoka nyuma, hageuki. Nyumbani tulizoea, tulimgusa tu bega. Nikamkalisha kando yangu, nikasema mbele ya uso wake aone midomo: "Mwalimu akikuuliza, nitakukanyaga mguu. Nikikanyaga, wewe sema, ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Bonifasi akaja, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi la nyumba zote alizopita. Akauliza kama mtoto anakula asubuhi. Nikasema anakula mkate na chai ya maziwa. Maziwa gani! Kisha akasimama nyuma ya Agnesi, akasema kwa sauti ndogo, "Agnesi, unanisikia?"

Nikakanyaga.

"Ndiyo, mwalimu."

Akafungua daftari. "Mama, njo kusema hapa hakuna shida?"

"Hakuna, mwalimu. Mutoto yetu iko muzuri."

Akaandika. Kabla ya jua kuzama viti vilikuwa vimerudi kwa Mama Odilia.

Agnesi alikuwa mrefu, akawekwa nyuma kabisa ya darasa. Mwaka ule akaanguka mtihani. Akarudilia, akaanguka tena. Sheria ya shule ilikuwa hiyo: ukianguka mara mbili, unatoka, mwingine anaingia. Hapo ndipo nilipofunga kitambaa kichwani nikaenda kusema ukweli, miaka miwili nimechelewa. Mwalimu Bonifasi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akanionyesha daftari lake, palipoandikwa: hakuna shida.

"Mama, nafasi za mbele zilikuwa chache. Nilikuuliza wewe. Barua ya Leta haikuuliza viti yenu. Iliuliza mutoto."

Nikamrudishia daftari, nikaenda zangu.

Kadi ya bwana yangu ilikuja, ikakaa sandukuni. Agnesi mnamjua, ndiye yule mama yenu mkubwa anayeketi daima upande wangu wa kuume, na barua za watoto wake anawapa ninyi mumsomee. Hakunitukana hata siku moja. Mara moja tu, tukichambua mboga, alisema bila kuniangalia: "Mama, kule masomo, mwalimu akiuliza kitu, mi nilikuwa nangoja mguu yako."

Kwa hiyo, mwanangu, shule ikikuuliza mtoto wako amepungukiwa na nini, sema. Sema hana kiatu. Sema haoni ubao. Sema amelala na njaa. Aibu ni yako, itapita. Mwaka wa mtoto ukipita haurudi. Na ninyi mnaosoma, mkishindwa, msiitikie tu ndiyo, mwalimu. Mungu awafungue masikio na vinywa, awape walimu wenye subira kuliko mimi.

Wadogo wa Agnesi walipofika umri wa shule, niliwaita wote nyumbani, na bwana yangu akiwamo, nikawaambia, na neno hili halijaondoka katika nyumba hii: mwalimu akija, asiazime mtu hata kijiko. Aketi tunapoketi sisi, na mtoto ajibu mwenyewe.