Mzuka wa Mtu Aliye Hai

Mimi ni mkali, na sijawahi kuliombea hilo radhi. Mtu akiniletea hadithi isiyo kichwa wala miguu, simwachi apite. Mume wangu anajua, wauza samaki wa Mombasa wanajua, na hata arbab wangu, bosi wangu wa kwanza hapa Dubai, alijua mapema. Ndiyo maana binamu yangu alipoanzisha kipindi cha mambo ya majini na mizuka, cha moja kwa moja mtandaoni, kila Ijumaa baada ya swala, alinitafuta mimi niwahoji wageni. Yeye ni mtu wa Unguja, mpole mno. Kila mgeni kwake ni karibu, pole, mashallah. "Dada," akaniambia, "watu wananidanganya mpaka naona haya mimi. Njoo wewe."

Studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mizigo huko Al Qusais, pale anapofanya kazi. Huku maboksi ya watu yanayosubiri meli ya Mombasa na Dar, huku viti viwili, katikati simu imesimamishwa juu ya kigoda. Kiyoyozi tulikizima kwa sababu kilinguruma, basi tulikuwa tukihojiana huku jasho linatutoka.

Wageni walikuwa watu kama sisi. Alikuja askari mmoja Mganda, analinda jengo Jumeirah Village Circle, akasema ameona lifti ikipanda na kushuka yenyewe haina mtu. Nikamuuliza lifti inafunguliwa kwa kadi au vipi, kadi nyingine anayo nani, na alipoiona alimpigia fundi au alipiga mayowe? Hakufika mbali akasema, "Labda alikuwa fundi." Watu wakacheka wakafa. Akaja mganga anayedai anazungumza na jini wa Kiarabu. Nikamsemesha Kiarabu cha humuhumu sokoni, nikamwambia muulize jini wako leo kala nini. Akaomba maji ya kunywa, na ya kwake yakaishia hapo. Mwishoni nilikuwa nasema, "Njia ya mwongo ni fupi, khalas," na wasikilizaji walikuwa wakiningoja niseme. Sifa zilinilewesha, nasema kweli. Wanawake walinisimamisha kituo cha metro, "Wewe si yule dada wa maswali?"

Halafu akaja huyu mama kijana, mfanyakazi wa nyumbani. Madam wake alikuwa amempa ruhusa ya alasiri ile. Alikuja na mahamri kwenye bakuli la plastiki, ametupikia, bado yana joto. Alikaa kitini vizuri, akatengeneza mtandio, akaanza kueleza bila kujigamba. Kila siku akiwa jikoni kwa madam, mamake humtokea. Husimama karibu na friji, amejifunga leso ya rangi ya zambarau anayoijua, hasemi neno, anamtazama tu akikata vitunguu. Haogopi, alisema. Anataka tu wasikilizaji wenye elimu wamwambie maana yake nini.

"Pole," nikasema, kwa ile sauti ya kumwekea mtu heshima. "Mama alifariki lini?"

"Mama hajafariki," akasema. "Yupo kwetu, upande wa Msambweni."

Nikatabasamu kwenye simu. Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Haya jamani, leo tuna mzuka wa mtu aliye hai. Hii mpya." Nikajua nimepata mwongo ambaye hata uongo wenyewe hakuupanga.

"Mara ya mwisho ulizungumza naye lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Simu yake imeharibika."

"Nani kakwambia imeharibika?"

"Mama mdogo. Wanakaa nyumba moja."

"Huyo mama mdogo ana simu?"

"Anayo. Ndiyo tunayozungumzia."

"Sasa hiyo simu ya mama mdogo haiwezi kuvuka mlango ikafika chumba cha pili?"

Alicheka kidogo. "Kila nikipiga huwa amelala, au ametoka. Anaumwa miguu. Wameniambia nimwombee dua."

"Anaumwa miguu, na kila ukipiga ametoka!" Nikageukia simu ili wasikilizaji wanione uso. "Anatoka kwa miguu gani?"

Binamu yangu, aliyekuwa nyuma ya simu akisoma maoni, alipitisha mkono shingoni. Nikadhani ananiambia muda umekwisha. Nikamwinulia kiganja, ngoja, huyu nimemshika. Yule mama kijana naye alikuwa ameacha kucheka, na mimi nikasikia utamu ule ninaousikia mgeni anapoanza kutafuta njia ya kutokea.

"Na Idi? Hamkupeana mkono wa Idi?"

"Walinitumia picha."

"Mama yumo?"

Alifikiri. "Hayumo. Yuko mama mdogo na watoto. Mama mdogo amejifunga..." Kisha akaendelea polepole. "Amejifunga leso ya mama. Hiyohiyo ya zambarau."

Na mimi, mtoto wa pwani, niliyelelewa kwenye nyumba za misiba, nikauliza: "Kwa nini avae leso ya mtu mwingine siku ya Idi?"

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua jibu la swali hilo. Mtu akizikwa, nguo zake hugawanywa, na leso nzuri huchukuliwa na nduguye wa kike. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kujua zamani. Binamu yangu aliniambia baadaye kwamba "Inna lillahi" zilikuwa zimejaa kwenye maoni, moja juu ya nyingine, na yeye alikuwa ameigeuza simu upande ili mgeni asizione. Wote walijua ila watu wawili, mgeni aliyefichwa, na mimi niliyekuwa najifanya hakuna linalofichika kwangu.

"Dada," akasema. "Mamangu amekufa."

Hakuwa akiuliza. Binamu yangu akaizima simu.

Lililonitia aibu zaidi ni kwamba mila hiyo naijua kwa mwili wangu. Kwetu mtu aliye ugenini hapigiwi simu ya kifo. Utaambiwa anaumwa kidogo, mwombee dua, mtandao mbaya, mpaka apatikane mtu wa kuja kukaa nawe, akushike mkono, ndipo uambiwe. Baba yangu alipofariki nilikuwa hapahapa. Kaka zangu walinidanganya vizuri kabisa. Siku moja waliingia chumbani kwangu wanawake wawili wa kwetu, wamevaa buibui, hawakutaka chai, wakakaa mmoja kulia mmoja kushoto. Nilijua kabla hawajafungua mdomo, na nilipoanguka, nilianguka mikononi mwao. Mimi nilipewa hilo. Huyu nimemwambia kwenye kiti cha plastiki, mbele ya watu wanaocheka, na mikono yangu nimeikunja kifuani.

Nilitaka kumshika. Aliusogeza mkono wangu bila hasira. Hakulia. Akatoa simu yake mkobani, akatafuta namba, akanipa.

"Piga wewe," akasema. "Mimi wanajua kunidanganya. Wewe hawakuwezi."

Nikasema hapana, ngoja kwanza, tutafute watu wazima wa kwenu hapa Dubai, tuite mtu. "Piga, dada," akasema tena, na jinsi alivyosema, wallahi, nikapiga, nikaweka sauti ya wote kusikia.

Mama mdogo alipokea kwa furaha. "Mwanangu! Mamako katoka sasa hivi tu..." Hakuwa hata ameulizwa.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mimi si yeye, ila yupo hapa kando yangu. Mama, amejua."

Nilisikia kitu kikianguka, kisha kilio. Nikasubiri. Yule mama kijana hakusubiri, alinigusa goti kwa kidole kimoja, uliza. Nikauliza lini. Mwishoni mwa Ramadhani, karibu na futari. Kidole. Nikauliza nani alimwosha. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu." Kidole. Nikauliza kazikwa wapi. Ubavuni mwa mumewe. Nikauliza kwa nini hawakusema, na hapo yule mama mtu mzima akanijibu kama anayejitetea mahakamani: mjomba wake alikuwa anahangaikia safari, aje amwambie uso kwa uso, asilijue jambo kama hilo peke yake jikoni kwa watu. "Tulimsitiri, mwanangu. Hatukumdanganya, tulimsitiri." Kusitiri ni kazi ambayo mimi sikuwahi kuifanya.

Kisha yule mama kijana akaniinamia sikioni. "Muulize kama aliniulizia."

Nikauliza.

"Aah! Kila siku," mama mdogo akasema. "Kila siku ya Mungu akimuulizia."

Niliona uso wake ukilegea kwa mara ya kwanza. Ningeweza kuishia pale. Mtu mwenye akili angeishia pale, angesema ahsante mama, Mungu awape subira. Lakini kidole kikanigusa tena, kwa nguvu zaidi.

"Muulize alisema nini."

"Mama," nikasema, na sauti yangu sikuitambua, "alisema nini?"

Mama mdogo akaanza. "Alisema..." Nikasikia pumzi. "Eh, mwanangu, alisema... si unajua mgonjwa... alisema..."

Pumzi zile nazijua. Ndizo nilizokuwa nikizisubiri kila Ijumaa, mtu anapotafuta kitu cha kusema na hakuna kitu. Mamake hakusema neno. Huenda ulimi ulikuwa umekwisha kufunga, huenda mwishoni hakumkumbuka mtu, sijui, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kujua. Nyuma ya mama mdogo sauti ya mwanamume ikasema, "Mwambie tu ukweli, mtoto keshajua..."

Nikabonyeza kitufe chekundu.

"Mtandao," nikasema, naitazama simu nisimtazame yeye. "Umekatika. Hizi laini za huko, tutapiga baadaye, inshallah."

Aliichukua simu yake mkononi mwangu taratibu, akakiangalia kioo, akaniangalia mimi, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwangalia mgeni yeyote.

"Na wewe pia, dada," akasema.