Unga Usifike Ng'ambo

Watu wakisikia nilifika vitani huniuliza habari za bunduki. Mimi nilikuwa dereva wa unga. Serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tulinunua lori kuukuu pale Masasi, na tukapata mzigo ambao wenye akili zao waliukataa: kupeleka unga na maharage kwa wanajeshi wetu waliokuwa wakipigana ng'ambo ya mto Ruvuma. Dada aliniambia, "Kaka, huyo ndiye baba wa wanangu. Unavyomchukua, umrudishe hivyo hivyo." Nikamjibu, nani atapoteza risasi kwa ajili ya unga? Nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Tulivuka kwa pantoni, malori matatu. Sajenti aliyetuongoza alitukataza kusimama mahali pa wazi. Asubuhi ya saa nne tukakuta kijito, maji yake maangavu hadi mchanga wa chini unaonekana. Mimi ni mtu wa Newala. Mama yangu alishuka bondeni kila alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani. Kwetu, kupita maji ukiwa na dumu tupu ni kumtukana mama. Nikakanyaga breki. Sajenti alipiga kelele kutoka lori la mbele. Shemeji alisita.

"Shuka, bwana," nikamwambia. "Dakika mbili tu."

Alipoinama na dumu, bomu la kwanza lilianguka kilimani nyuma yetu. La pili likachimba mchanga upande wa pili wa kijito. Shemeji akacheka: "Hawajui kulenga hawa!" Kumbe walikuwa wanatupimia umbali. La tatu lilimkata miguu yote miwili na kulipasua lori letu ubavuni, unga ukamwagika juu ya damu yake. Alinishika shati akimwita mama yake kwa Kimakonde. Nilimfunga mapaja kwa mkanda na gunia, damu ikapita katikati ya vidole vyangu, ya moto. Bomu la nne lilipiga lori la nyuma, likawaka na dereva wake ndani. Nilimsikia mpaka aliponyamaza.

Waliotupiga sikuwaona. Sajenti alisema walikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mwenzao mmoja juu ya mti akiwaelekeza kwa redio. Hawakuwa na ugomvi na sisi. Walitaka unga usifike, maana askari asiyekula siku tatu huuacha mzinga mwenyewe. Hasira ile mpaka leo sijui niiweke wapi.

Sajenti alitupakia kwenye lori lake tukarudi. Shemeji alikata roho juu ya pantoni, katikati ya mto.

Nilimfikisha Newala ndani ya turubai. Nikamweleza dada yote, hata habari ya kijito. Hakulia. Aliuliza ni nani aliyemuua. Nikasema simjui, alikuwa mbali mno, hata uso wake sikuuona.

"Na aliyemwambia ashuke," akasema, "naye alikuwa mbali?"