Riwaya Niliyomsomea Mama Kwenye Chai

Miche ya mikaratusi ina harufu kali, kama dawa ya kusugua kifuani, na msimu ule ilijaa ua wetu wote huko karibu na Ikonge. Baba aliileta kutoka soko la Daraja Mbili ili aipande bondeni, kuzunguka chemchemi ambako mama na majirani walichota maji. Mama alimwambia mara moja tu kwamba miti ile hunywa kuliko ng'ombe. "Mama Kerubo," baba akamjibu, "shamba hili ni la nani?" Mama akachukua ndoo akateremka kuchota maji. Kerubo ni mimi; nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Wiki hiyohiyo dada yangu Moraa alirudi likizo kutoka chuoni na riwaya ya Kiingereza aliyoifunika kwa gazeti, kwa sababu kanisani ilisemwa kuwa chafu. Ilimhusu mke wa mwenye kiwanda aliyemtoroka mumewe akaishi na mwanamume mwingine kando ya mto ambao kiwanda kile kilikuwa kimeuchafua. Moraa alisisitiza kwamba kitabu hakikuhusu uzinzi, bali jinsi ardhi na mwanamke wanavyomilikiwa kwa njia moja. Sikuelewa. Lakini mama, ambaye hakujua Kiingereza, alitaka kukisikia. Basi akichuma chai mimi nilikaa mwisho wa mstari nikisoma, kisha nikimweleza kwa Ekegusii, lugha yetu, nikiruka kurasa za aibu na kuziba mapengo kwa maneno yangu mwenyewe.

Baba alipanda miche Jumapili. Jumanne asubuhi tuliikuta yote imeng'olewa, imelazwa kwenye nyasi kwa safu, mizizi ikielekea upande mmoja. Mama hakukana. Baba alikichukua kile kitabu akamtikisia Moraa: "Haya ndiyo mnayofundishwa?" Moraa hakuficha furaha yake, aliamini mama ameelewa. Mimi nililia, nikidhani tafsiri yangu mbovu imevunja nyumba yetu. Mwezi mzima baba alikula kwa ndugu yake. Aliporudi, hakuitaja tena mikaratusi.

Leo nafundisha fasihi mjini Kisii, na riwaya ile nimeisoma mara nyingi. Siku hizi naona kwamba hata yule mpenzi wa mtoni humwita mwanamke bonde lake, kana kwamba amebadilishiwa mwenye shamba tu. Nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba mama yangu aliisoma vizuri kuliko sisi sote. Juzi nilimuuliza mwenyewe.

"Kitabu gani?" akasema.

"Kile nilichokuwa nakusomea kabla hujang'oa miche."

Akacheka sana. "Mwanangu, nilipenda tu kusikia sauti yako ikisoma. Miche ningeing'oa tu. Tungekunywa nini?"

Baba, ambaye sasa huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeikataa mikaratusi, alikuwa kando yake akisikia yote. Maji ya bondeni kwetu bado yanatoka; chemchemi za majirani wawili waliopanda mikaratusi zimekauka. Nami nimebaki na mhadhara ambao sijui niufute au niuanze upya.