Redio ya Ndege Niliyoibadili

Asubuhi ile Chimala nilikuwa nabishania bei ya mchele, na mwenye mchele alikuwa karibu kukubali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Yohana Kalinga alishuka kwenye lori la Iringa na barua ya kuandikishwa Keya, jeshi la Waingereza, kama niliyokuwa nayo mimi. Alisimama kando akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mswahili," akasema, "wewe ukifika mbinguni utaomba wakupunguzie."

"Na wewe Mhehe utalipa wanachotaja, halafu useme asante."

Tulianza hivyo, tukaendelea hivyo hadi Malaya, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na waasi msituni. Yohana alibeba redio ya doria. Mimi nilibaki kambini kumsikiliza. Chombo changu cha kupokelea kilikuwa kimeng'olewa kwenye ndege ya zamani ya mabomu: boksi jeusi, zito, bati limekwaruzika, kitufe kimoja kimefungwa uzi.

Wenzetu wa kambi ya ng'ambo ya mto walikuwa na cha aina hiyohiyo, kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Nikamwendea mtu wao wa redio, koplo mmoja wa Songea, nikataka tubadilishane, na aniongezee mablanketi mawili. Nilihesabu valvu, zile taa za ndani: kumi kwake, kumi kwangu. Bendi za mawimbi: tano kwake, tano kwangu. Nikahesabu tena. Namba kwenye kibati zilikuwa zilezile, ila yangu ilikuwa na herufi moja mwishoni na yake haikuwa nayo. Niliiona. Nikadhani ni alama ya stoo.

Koplo alikubali bila kubisha. Sokoni nilijifunza kwamba mtu akikubali upesi, rudi ukaangalie mzigo upya. Lakini nilishakuwa na mablanketi mawili begani. Moja nikampa Yohana.

"Umemwibia nani?"

"Nimefanya biashara."

Siku ya tatu alitoka na doria. Utaratibu tuliujua: mvua ikivuruga mawasiliano ya mchana, wote tuhamie bendi ya chini. Alasiri mvua ikaja. Nikazungusha kitufe.

Bendi ile haikuwapo.

Mahali pake palikuwa na nyingine, ya marubani kutafutia njia. Herufi niliyoidharau ndiyo iliyokuwa ikitofautisha.

Nikahesabu tena. Tano.

Simu ya waya ikalia. Alikuwa koplo wa Songea, mwenye boksi langu la zamani.

"Mtu wenu amepigwa risasi. Wanataka machela, kwenye daraja la magogo. Ameita saa nzima, anakutaja jina. Mbona humjibu?"

"Saa nzima?"

"Nilidhani unamsikia."

Tulikimbia.

Tulimkuta ameegemea mti, visikilizio bado masikioni, blanketi langu limefungwa pajani. Lilikuwa limelowa, na si kwa mvua tu. Wenzake wawili walikuwa wazima, wamekaa kila upande wake.

Daktari alisema damu ilimwisha polepole. Kama angefikiwa saa moja mapema, angepona. Alisema hayo bila kumlaumu mtu. Hakujua anaongea na nani.

Nimeuza na kununua Mbeya tangu niliporudi, na watu husema sijawahi kupunjwa. Siwabishii.

Mwaka niliorudi nilipanda lori hadi Iringa, nikafika kwa mama yake Yohana. Alinipikia, akaniacha nile kwanza. Kisha akauliza kama mwanawe aliacha neno lolote.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, tangu lori lilipotoka Uyole.

"Redio iliharibika, mama," nikasema. "Hatukumsikia."

Akakusanya vyombo.

"Pole, mwanangu. Na wewe uliteseka. Chombo kikiharibika utafanyaje?"

Nikaipokea ile pole. Nikashukuru, kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa haki yake.

Redio haikuharibika. Valvu zote kumi zilikuwa zinawaka.