Mkubwa, Mdogo na Mimi

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya grisi, mwanangu. Nilikuwa mke mpya hapa Mhezi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na babu yako Elisante ndiye aliyekuwa fundi wa lori la kijiji. Lori lenyewe kuukuu. Likitoka Same na mbolea linazima katikati ya mlima, nasi tunashuka kulisukuma.

Basi Elisante akawa anashinda karakanani huko Same. Akirudi hanisemeshi, anakula huku anatabasamu peke yake. Wewe umeolewa juzi, lakini najua unaelewa tabasamu la namna hiyo linavyochoma.

Jioni moja akaja fundi mwenzake. Napeleka chai, nikamsikia mume wangu akimwambia, "Mkubwa nimemzoea, ila mlimani anachoka mapema. Mdogo ana nguvu. Wiki ijayo nawaunganisha."

Chai sikuifikisha. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga nirudi kwetu Bombo.

Mama mkwe alinikuta mlangoni. Nilipomweleza, hakunibembeleza hata kidogo. Aliniuliza kama hao wanawake nimewaona, nikasema nimewasikia wakitajwa.

"Basi shuka Same ukawaone," akasema. "Ukirudi bado unalia, hizo nguo nitakubebea mwenyewe mpaka kwenu."

Kesho yake nikashuka, matusi nimeyapanga yote. Nikamkuta Elisante ameinamia injini iliyofumuliwa. Nikamwambia anionyeshe mkubwa na mdogo, naye kwa furaha akanionyesha. Mkubwa ni injini ya lori letu, chuma kizito cha zamani. Mdogo ni injini ya lori la aina ile ile, toleo la miaka ya karibuni, lililopinduka barabarani. Alitaka kuchukua silinda hedi ya mdogo, yaani kichwa cha injini, aifunge juu ya bloku ya mkubwa, kiwiliwili chake, lori lipate nguvu ya kupanda. Kumbe mafundi wale waliziita injini kama watoto wa nyumba moja.

Unadhani nilicheka? Wivu ulizidi. Mwanamke ningemweza, chuma nikifanye nini? Alikuwa akiipangusa ile hedi taratibu kwa kitambaa laini, na mimi nilikuwa nachechemea wiki nzima tangu niliposukuma lori lake, hajaniuliza nimeumia wapi.

"Elisante," nikamwambia mbele ya wenzake, "mimi ni mkubwa au mdogo?"

Akanawa mikono, akaniketisha juu ya tairi, akautazama mguu wangu. Wiki iliyofuata lori lilipanda Mhezi bila kusukumwa, nami nimekaa mbele.

Mwanangu, wivu usiuonee aibu. Mimi ninao mpaka leo, na mzee mwenyewe yuko kaburini. Ila usiulishe maneno ya kusikia nusu. Nenda ukaone kwa macho yako, kisha mwambie mwenyewe kinachokuuma, maana asichoambiwa hawezi kukitengeneza. Mungu akujalie mume anayeipenda kazi yake, akujalie na ulimi wa kumkumbusha kwamba upo.