Mbegu za Ua la Kiazi cha Nyarangi

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. La, nakosea, ni tisini na sita, maana mvua ya El Nino ilikuwa bado. Nilikuwa nikizunguka vijiji vya Lambwe kutia majembe mipini, na nikifika kwa Truphena sikuwa na haraka ya kuondoka. Hata nyuki wa pale walivuma kama wanaosinzia.

Truphena alikuwa mjane. Siku anaolewa, mama yake, Nyarangi, alimpa marando, zile kamba za kupandia viazi vitamu, akayabeba toka Migori yamefungwa kwa kitambaa chenye maji. Kiazi chekundu, kizito. Truphena hakuwa akivuna shina zima. Asubuhi alitafuta mahali udongo umepasuka, akafukua kimoja kwa kijiti, akafunika.

Mwaka huo majani yakajikunja. Kila rando alilokata na kupanda liliota na ugonjwa ule ule. Nyarangi alikuwa ameshakufa, na kule Migori hakikubaki hata kipande.

"Nitapanda mbegu ya ua," akaniambia. "Labda ugonjwa wa rando haufiki kwenye mbegu."

Mimi sikuwa nimesikia mtu akipanda kiazi kwa mbegu. Alikuwa nazo kumi na moja, nyeusi, ngumu kama changarawe. Akazisugua juu ya jiwe la kusagia ili maji yapenye. Mellen, mke mwenzake, akachungulia.

"Nyieka, mke mwenzangu, unasaga viazi ama unavipiga mswaki?"

"Namrudisha mama."

"Basi sugua polepole, usimchubue!"

Tukacheka, na Truphena akaendelea kusugua, polepole zaidi.

Zikaota tisa. Miezi mitano baadaye nikarudi, tukafukua pamoja. Shina la kwanza, mizizi kama penseli. La pili, mikia ya panya. Kila mara alisema taratibu, "Huyu si mama." Shina la nane, ufa wake ungemeza kidole changu chote. Tukatoa viazi saba, vizito. Akafuta udongo kwa kidole gumba. Ngozi nyeupe.

Akakaa chini, kiazi mapajani, kama amepakata mtoto wa mtu asiyemjua.

Cephas, afisa wa kilimo, alipita na baiskeli. "Mama, kila mbegu ina wazazi wawili. Ua la kiazi chako halikujizalia lenyewe. Nyuki amekuletea baba kutoka shamba lingine."

"Viazi vyeupe ni vya shamba langu," Mellen akasema, "lakini vyangu ni vyembamba kama vidole!"

"Kumbe uzito ni wa mama," Truphena akasema.

"Pengine wa wote wawili, umechanganyika upya," akajibu Cephas.

Jioni Truphena akapika kimoja, akatafuna amefumba macho. Kesho yake akakata marando ya lile shina, la kwanza akampa Mellen, mengine akapanda shamba zima. Kiazi akakiita Nyarangi.

Nimeuliza Cephas, nimeuliza Homa Bay mjini, wote walitabasamu tu: ule wekundu wa Nyarangi, je, ulikuwa umelala ndani ya kile cheupe, ukingoja nyuki mwingine?