Tai Aliyefunikwa na Theluji

Jumanne alasiri, kwenye treni ya kutoka kituo cha Selly Oak, huku ughaibuni, mama mmoja Mkongomani aliyeketi mbele yangu alikuwa akitazama simu na binti yake. Kwenye kioo cha simu, tai wa Marekani, yule mwenye kichwa cheupe, alikuwa akiatamia mayai huku theluji imemfika shingoni.

"Why doesn't she fly away?" binti aliuliza kwa Kiingereza.

"Akiruka, mayai itakufa na baridi," mama alijibu kwa Kiswahili cha kwao. "Zamani tai balikaribia kuisha. Dawa ya wadudu ya mashamba ilidhoofisha maganda, mayai ikapasuka chini yao. Kisha batu bakakataza ile dawa, bakabaacha batulie. Sasa beko bengi."

Mara dume akatua na samaki. Jike akasimama, theluji ikaporomoka mgongoni mwake, na mayai mawili yakaonekana, makavu kabisa. Mama akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mum, you're crying."

"Nilikimbia vita ya Kivu na mimba yako," mama akasema polepole. "Siku bakituacha tutulie, na sisi tutarudi."

"Tutarudi lini?" binti akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

Treni ilikuwa imefika kituo changu. Sikushuka. Nami nilitaka kusikia jibu.